Jezi Mbili za Baba

Sijui kama kuna mchezaji mwingine katika nchi hii aliyewahi kuaibika uwanjani kabla ya mpira kuanza, lakini mimi niliaibika hata kabla refa hajatoka chumbani, mbele ya watu wa kwetu wote, na si kwa pasi mbaya (hizo nimepiga nyingi na nimesamehewa), ila kwa neno moja dogo ambalo kila mtoto hulijua kabla hajajua kutembea.

Mimi ni kiungo. Kazi ya kiungo ni kupokea mpira hapa na kuupeleka pale, ukikaa nao sana unanyang'anywa, ndiyo maana kocha wetu hunipigia kelele kila siku, "Achilia mapema! Achilia mapema!" Uwanjani nimejaribu kumsikia. Nje ya uwanja ndiko nilikokosa masikio.

Ilianza Nairobi, mechi yangu ya nne tangu nisajiliwe, nikafunga bao moja na kutoa pasi ya lingine, nikachaguliwa mchezaji bora wa mechi, na mtangazaji wa redio akanisukumia maiki mdomoni nikiwa bado nahema. Hotuba ya siku hiyo nilikuwa nayo tangu darasa la sita, nikiihutubia migomba nyuma ya jikoni kwetu, lakini siku yenyewe ilipofika hotuba yote ikatoroka. "Unamshukuru nani?" akaniuliza. Nikasema, "Namshukuru baba. Bila baba singefika hapa. Hii ni ya baba."

Wewe ambaye si wa kwetu huoni kosa lolote hapo. Sasa sikia: kwa Ekegusii, lugha yetu watu wa Kisii, baba ni mama. Mzazi wa kike ndiye baba, wa kiume ni tata, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Mimi pale nilikuwa namuona yeye, anayeuza ndizi soko la Marani, aliyeninunulia njumu zangu za kwanza za mtumba ambazo kiatu cha kulia kilikuwa kikubwa kuliko cha kushoto, akawa ananijazia majani makavu ya mgomba kwenye vidole kila asubuhi ya mechi. Maisha yangu yote sijawahi kumwita jina lingine. Mdomo uliongea Kiswahili, moyo ukachomekea Ekegusii.

Kwenye basi la timu nahodha wetu Salimu, mtu wa Mombasa, akaniuliza, "Kwani mzee wako naye alicheza mpira?"

"Mzee gani?"

"Si huyo baba uliyekuwa wamlilia redioni."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. "Wallahi nyinyi! Baba ni mama? Na baba mwenyewe je, ni shangazi?" Kuanzia siku hiyo timu nzima inaniita Kamusi.

Kabla hatujafika simu ikalia. Alikuwa baba. (Kuanzia hapa nikisema baba, ujue ni mama. Nisamehe, siwezi vinginevyo.) "Nimesikia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Majirani wanabisha ati umemtaja tata. Nimewaambia mimi silijui jina langu?"

Dakika chache baadaye ikalia tena, namba nisiyoijua. Tata. Huyu alituacha nikiwa darasa la tatu akaenda kuanza boma lingine Nyacheki, kwenye shamba la chai, na tangu hapo tulikuwa tumeonana mara mbili tu, zote matangani. Alijitaja kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, nilidhani ulinifuta. Kumbe umenisamehe mbele ya nchi nzima." Nikasikia anapenga kamasi.

Hebu niambieni ukweli, mngesema nini? Mzee mzima analia kwenye simu, wewe umwambie samahani, hilo neno halikuwa lako? Hapo ndipo mpira ulipokuwa miguuni mwangu, na hapo ndipo ningeuachilia. Nikasema, "Sawa, tata." Nikajiambia neno moja limefurahisha watu wawili, sasa nilirekebishe ili iweje?

Wiki tatu baadaye tukawa na mechi Kisii, nyumbani kabisa, na meneja akaniita. "Yule baba uliyemtaja, tunataka tumpe heshima katikati ya uwanja. Jezi yake ishachapishwa." Ningeweza kusema hapo pia. Lakini nikapiga hesabu zangu za kijinga: nitamleta baba peke yake, mechi ni Jumapili kwa hivyo Sabato yake ya Jumamosi haitavunjika, mtangazaji akiita baba atatoka mama, watu wa kwetu watacheka kwa upendo, nitaeleza, yataisha. Nisichojua ni kwamba redio ilikuwa imelitangaza jambo hilo wiki nzima, na redio Nyacheki zinashika vizuri sana.

Basi siku ikafika, mtangazaji wa uwanjani (mgeni aliyekuja na timu) akapaza sauti, "Na sasa, baba mzazi wa kijana wetu!" Baba akainuka nyuma ya goli, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuja. Nikatabasamu. Halafu nikaona watu wanageuza shingo upande wa pili, na mimi nikageuza, na huko alikuwa anakuja mwanamume amevaa suti ya kahawia, kofia mkononi, anatembea kama mtu anayekwenda kubatizwa. Wakafika pamoja. Watu ambao hawakuwa wamesimama sako kwa bako tangu nilipokuwa darasa la tatu.

"Mama, samahani," mtangazaji akasema, "subiri kidogo, tumemwita baba."

"Ndiyo," baba akajibu. "Ni mimi."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wakaanza kupiga kelele, "Mpe baba! Mpe baba!", na msaada gani huo, ndugu zangu? Wale waliokuwa wanasema Kiswahili na wale waliokuwa wanasema Ekegusii wote walipiga kelele moja, na mgongoni mwa ile jezi kulikuwa na herufi nne nyeupe: BABA. Nikapewa maiki. "Kijana, tuambie. Baba ni nani?"

Tata alikuwa ameshanyoosha mikono. Baba hakunyoosha chochote, aliniangalia tu.

Nikampa tata. Alikuwa karibu. Nimejitetea hivyo mara nyingi, ati kiungo humpa mpira aliye karibu, lakini tofauti ilikuwa hatua moja.

Baba akapiga makofi. Matatu, polepole. Kisha akarudi alikotoka, peke yake, safari ndefu juu ya nyasi, na alipofika kwenye mstari wa chokaa akauruka asiuharibu. Hiyo ndiyo picha ninayoona nikifumba macho. Mechi yenyewe hata usiniulize, nilitolewa kabla ya mapumziko.

Nilimkuta baba nje ya ukuta wa uwanja, ananimenyea ndizi kama kawaida. Akauliza bila kuniangalia, "Uliona aibu juu yangu, ama juu ya Kiswahili?"

Nikamweleza yote, simu, machozi, ile "sawa, tata" yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi hukukosea kumpa jezi. Ulikosea kumpa jina langu." Halafu akaniwekea ndizi mkononi. "Kula."

Wiki iliyofuata nikaenda Nyacheki. Nilimwambia tata ukweli tukiwa tumesimama kwenye chai yake, na akachuna majani mawili, matatu. "Nilijua," akasema. "Alipojibu 'ni mimi' pale uwanjani, ndipo nilipokumbuka." Alitaka kunirudishia jezi. Nikamwambia, "Kaa nayo, tata. Kwa Kiswahili ni yako."

Nikachapisha nyingine, safari hii bila kubahatisha, MAMA, nikaipeleka Marani. Baba akaigeuza, akaisoma, akanirudishia. "Huyu mama ni nani? Mimi sijazaa mtu wa kuniita hivyo." Ikabidi nirudi tena kwa mchapishaji.

Mimi nimeapa: neno likinitoka vibaya nitalirekebisha papo hapo, hata kama kuna mtu analia kwenye simu, kwa maana ningelirekebisha siku ile, machozi yangekuwa ya mtu mmoja tu. Na wewe ukipita Marani siku ya soko ukamwona mwanamke anauza ndizi na mgongoni ameandikwa BABA, usicheke. Wageni hucheka, wengine humwambia ati mama, umevaa jezi ya mzee. Yeye huwa hageuki. Ila ukitaka ageuke, mwite vile ilivyoandikwa.