Bi Kisiki na Shamba la Miti ya Miujiza

Benki ilipogundua kwamba inaipenda sana misitu, ilitafuta mtu wa kuipenda kwa niaba yake. Mapenzi hayo yalizuka wiki ileile wafadhili waliposema hawatoi fedha kwa benki isiyokagua wateja wake wavuna miti. Aliyeteuliwa ni mama mmoja mfupi, mpole, aliyesomea misitu chuoni kisha akahudumia wateja dirishani kwa miaka kumi na mmoja. Akapewa cheo kirefu kisichoenea kwenye kibao cha mlangoni, na ofisi iliyokuwa stoo ya karatasi. Karatasi hazikuhamishwa.

"Kazi yenyewe nyepesi, dada," mkuu wa mikopo alimwambia. "Fomu ina maswali arobaini. Weka alama ya vema, tia sahihi, tuendelee."

"Na jibu likiwa hapana?"

Mkuu wa mikopo alimtazama kama aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini.

Bahati mbaya, mama yule aliichukulia kazi kama kazi. Alikwenda misituni na mkanda wa kupimia, akahesabu visiki kimoja kimoja, akalinganisha na vibali. Wenzake wakamwita Bi Kisiki. Mwanzoni walinong'ona, baadaye yeye mwenyewe akawa anaitika.

Ndipo likaja faili la kampuni moja ya mbao, ambayo mkurugenzi wake na mkuu wa mikopo walikuwa wameozeana watoto. Faili lilikuwa na kijitabu cha picha kizuri mno. Kampuni, kilisema, ilipanda misonobari miaka tisa iliyopita, inavuna ya kwake tu, na kwa kila mti inaokata inapanda mitano. Mkurugenzi alipigwa picha ameukumbatia mmoja, macho ameyafumba kwa uchungu wa mzazi.

Bi Kisiki alipofika huko alipokewa kwa hema, viti vilivyovishwa vitambaa, na soda za kutosha harusi.

"Karibu nyumbani, mama," Mkurugenzi akasema. "Hapa kwetu miti ni watoto wetu."

Wakampeleka kwenye shamba jipya kando ya barabara. Miche ilisimama kwenye mistari iliyonyooka kama gwaride. Bi Kisiki akainama, akashika mmoja, akauvuta taratibu. Ukatoka wote na kiriba chake, ule mfuko mweusi wa plastiki wa kitaluni, mzima, haujachanwa hata kidogo. Akavuta wa pili, vilevile. Akaendelea mpaka wa saba, asije akasemwa ana haraka.

"Hiyo ni teknolojia mpya," Mkurugenzi akaeleza. "Mizizi inabaki salama."

"Salama na nini?"

"Na... udongo."

Simu ya Mkurugenzi ikalia, naye akajitenga kwa furaha isiyofichika. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia miche akasogea na ndoo yake.

"Tumeichomeka jana mchana, dada yangu," akasema chini chini. "Kesho kutwa inarudi kitaluni. Wageni wa mwaka jana tuliwachomekea upande ule mwingine."

Bi Kisiki akaomba kuona magogo. Ikapita robo saa nzima ya kutafuta ufunguo wa geti ambalo halikuwa na kufuli. Mle ndani yalilala magogo mekundu, mapana kuliko meza ya chakula, hakuna hata moja lenye alama ya nyundo ya idara ya misitu, ile inayogongwa kwenye gogo lililokatwa kwa kibali. Alihesabu pete za gogo moja mpaka themanini, kidole kikapotea, akaona zimetosha.

"Mkurugenzi, mlisema mlipanda lini?"

"Miaka tisa, mama. Udongo wetu una rutuba ya ajabu."

"Na hii ni misonobari?"

"Ikikomaa sana hubadilika."

Aliandika ripoti yake kurasa mbili. Asubuhi yake mkuu wa mikopo akamfuata stoo.

"Dada, umeandika 'hapana' mara kumi na tisa!"

"Zilikuwa ishirini. Moja nikaona nimewaonea."

"Badilisha. Andika 'inaendelea kuboreshwa'. Ama unataka kurudi dirishani?"

Jioni aliisogeza sahani kando. Alimsimulia mumewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi. Mumewe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ile plastiki uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona."

"Basi andika plastiki. Mimi siwezi kula kila siku na mtu anayeukodolea ukuta macho."

Siku ya kamati ya mikopo, mkuu wa mikopo alileta ripoti ya pili, tamu kama kile kijitabu, iliyokosa kitu kimoja tu: sahihi ya mkaguzi. Bi Kisiki akafungua mkoba na kuweka mbele yao mmoja wa ile miche saba, ungali ndani ya kiriba chake. Tope likachafua meza inayong'aa. Mwenyekiti, bibi mmoja mkali aliyelima bustani yake mwenyewe, akaugeuza huku na huku.

"Huu umeshakufa," akasema. Akamgeukia mkuu wa mikopo. "Wewe ulifika huko?"

"Niliona picha, mwenyekiti."

Mkopo ukakataliwa. Miezi mitatu baadaye benki ikapewa tuzo ya kulinda mazingira. Mkuu wa mikopo akaipokea na kuhutubia kwa hisia kuhusu msimamo wake usiotetereka. Bi Kisiki yumo kwenye picha. Ukitazama vizuri utaliona sikio lake nyuma ya chungu cha maua.

Kampuni nayo haikulala njaa. Ilipata mkopo kwenye benki nyingine, ambayo mapenzi yake kwa misitu yalikuwa hayajaanza. Bi Kisiki aliposikia, aliumia kuliko alivyotaka watu wajue. Akaiandikia idara ya misitu. Akajibiwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akaandika tena, ikapokelewa tena. Baada ya barua ya nne, pengine kwa kuchoka kuzipokea, maofisa wawili walikwenda, wakapima magogo na kulifunga geti kwa kufuli la serikali.

Mkurugenzi alipoulizwa, alishangaa kuliko wote. Hajui kabisa, alisema, magogo yale yalifikaje pale.