Zawadi Iliyokaa Bafuni

Mtaani walimwita Fundi Meno, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba kisicho na dirisha, chenye vumbi jeupe mpaka kwenye swichi ya taa. Madaktari walimletea vipimo vya vinywa vya watu asiowajua, naye akawachongea meno ya kutafunia. Akipita sokoni akakuta mzee anacheka, hutazama meno kwanza, mwenye meno baadaye. Mkewe alimkanya tabia hiyo mpaka akachoka.

Akitoka kazini hakwenda kupiga soga na wenzake. Alikuwa na tangi lake, tangi la kioo la maji ya chumvi, lililokula ukuta mzima wa sebule na kuwaachia wageni viti viwili na kigoda. Samaki walikuwemo, ila hao walikuwa wapangaji tu. Wenye nyumba walikuwa matumbawe. Aliyalea tangu yakiwa vipande vya ukubwa wa kidole mpaka yakawa vichaka vya kijani, njano na zambarau. Ukimuuliza, angekuambia lipi limekua na lipi linadeka. Usipomuuliza, angekuambia vilevile.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Aliposikia kwamba mchumba wa bintiye anashughulika na meno, alijijibu mwenyewe kuwa ni daktari, akawatangazia ndugu na majirani, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumrekebisha. Ukweli aliupata siku yenyewe ya harusi, kutoka kwa shangazi mmoja asiyejua kufunga mdomo. Tangu hapo alimsalimia mkwe wake kwa adabu zote, lakini nyumbani kwake hakukanyaga. Bintiye ndiye aliyekuwa akienda kumwona. Fundi alijifanya hajali, na alijali sana. Kila mkewe aliporudi kutoka huko, humuuliza, kama jambo la kupita tu, "Mama ameniulizia?" Mkewe humjibu, "Amekusalimia sana," salamu ambazo wote wawili walijua zimetungwa njiani.

Basi jioni moja kengele ya mlango ikalia, Fundi akafungua, na mama mkwe huyo hapo, amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pokea, mikono imekufa ganzi. Nimeambiwa unapenda hivi vitu."

Ndani ya mfuko mlikuwa na tumbawe. Lilikuwa zuri, la kijani lenye ncha za zambarau, limeota juu ya jiwe la ukubwa wa ngumi. Alikuwa ameingia dukani mwenyewe, akachagua mwenyewe, akalipakata safari nzima. Fundi alishukuru, akashukuru tena. Mkewe alikimbilia jikoni kuchemsha chai huku anafuta macho kwa upande wa kanga.

"Haya, liweke nilione," mama akasema, akajikalisha kwenye kiti cha mbele.

Fundi aliinua mfuko kwenye mwanga ili ajipe raha ya kulitazama. Hapo ndipo alipokiona. Chini kabisa, tumbawe linaposhikana na jiwe, palikuwa na kidudu cha ukubwa wa punje ya mchele, mwili wa kahawia unaopitisha mwanga, na juu yake mikono myembamba kama nyuzi ikipepea. Mtu mwingine angesema ni ua. Wafugaji wa matumbawe hukiita gugu, kwa kuwa huota kisipopandwa na hakijui kutosheka. Mikono yake ina sumu, na tumbawe lililo jirani huungua likanyauka. Ukikigusa hujikunyata tunduni. Ukikivuta kikakatika, kila kipande kinachobaki huota kidudu kipya. Zamani Fundi aliwahi kukiachia kimoja kiingie tangini kwa sababu kilimpendeza. Mwaka haukuisha, tangi zima likawa magugu matupu, na siku alipomwaga yale maji alilia mbele ya mkewe bila kuficha uso.

Angesema ukweli palepale, yangeisha. Lakini Fundi Meno mbele ya mama mkwe alikuwa mwoga kuliko kunguru. "Ngoja kwanza lipumzike, mama," akasema, akatoweka nalo bafuni. Alilitia katika beseni la maji ya chumvi, akaweka pampu ndogo na hita, akarudi anatabasamu.

Chai haijafika nusu, mama akaomba kunawa mikono. Mke na mume wakatazamana. Haikupita muda sauti ikatoka bafuni.

"Zawadi yangu ndiyo inaoga na soksi?"

Kweli, soksi za Fundi zilikuwa kwenye beseni la pili, ubavuni. Akajieleza haraka haraka, akivuruga kila kitu: kidudu, sumu, karantini, tangi la zamani. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimekuletea vidudu."

"Hapana mama, si wewe, ni..."

"Nimeelewa, bwana." Akachukua mkoba wake, akaaga, akaondoka. Chai ilibaki mezani na utando juu yake.

Mkewe hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Ungeliweka tu tangini," akasema. "Angeondoka, ungelitoa. Miaka yote hii nimeomba mama aje hapa."

"Kikiingia hakitoki."

"Na mama akitoka?"

Badala ya kujibu, Fundi alifanya upuuzi. Aliyajua magugu kuliko mtu yeyote mtaani, lakini alitaka jambo liishe upesi, amwite mama, aombe radhi. Akachukua kibano chake cha kazini, akakikamata kile kidudu, akavuta. Kikakatika. Akajidanganya kwamba kimetoka chote, akamwambia mkewe ni siku chache tu tumbawe liingie tangini, na mkewe akampigia mama simu.

Siku hizo chache zilipokwisha, jiwe lilikuwa na familia. Vidogo vinne huku, viwili kule, vyote vinapunga mikono kwa furaha zao. Mkewe akalazimika kupiga simu tena. Fundi alimsikia akisema, "Bado mama... hapana mama, hajalitupa..." Alipokata simu alisema, "Mama anasema usijisumbue. Ulitupe."

Hakulitupa. Aliona haya hata kulitazama, lakini safari hii alifanya kazi inavyotakiwa. Alikoroga chokaa na maji mpaka ikawa uji mzito, akaivuta kwenye bomba la sindano, akazima pampu maji yatulie. Kisha akapiga magoti sakafuni, lenzi ya kazini jichoni, akasogeza ncha ya sindano mpaka mdomoni mwa gugu, bila kuligusa, akalidondoshea tone. Gugu likadhani limepewa chakula, likameza, likajikunja na kufa. Akahamia la pili. Magoti yakauma, akatandika taulo, akaendelea. Yaliyojificha ndani ya vishimo hayakufikika, na alipoona hivyo akaamua kulitoa tumbawe lenyewe kwenye jiwe. Kwa koleo la kukatia waya wa meno akalikata tawi kwa tawi juu kabisa ya jiwe, akayabandika matawi kwa gundi kwenye kijiwe kipya kisafi, akalitupa jiwe la zamani juani likauke. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa hai.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kungoja. Kila jioni, kabla ya kula, alibadilisha maji, akamulika tochi kila tawi. Wiki zikaenda. Mkewe akaanza kumletea kigoda. Siku moja akaketi naye, akamshikia tochi, na kesho yake akamweleza mama yake kwenye simu jinsi mumewe anavyopiga magoti bafuni kama mtu anayetubu. Alisema kwa kucheka. Mama hakucheka.

Jumamosi iliyofuata kengele ikalia. Mama mkwe hakuketi, alikwenda moja kwa moja bafuni. Soksi hazikuwepo, kwa bahati.

"Limepungua," akasema.

"Nimelitoa kwenye jiwe lake, mama. Magugu yalikuwa jiweni."

"Nipe hiyo lenzi."

Akaketi kwenye kigoda, akalikagua tumbawe tawi moja moja, polepole, mdomo ameubana. Fundi akasimama pembeni mikono nyuma. Mkewe alikuwa mlangoni.

"Hakuna kitu," mama akasema.

"Hakuna, mama. Nilitaka kukuita wiki hii ulione likiingia."

"Na wakati wote huo ulikuwa unalitazama tu."

"Nilikuwa nalitazama. Si kwamba silitaki, mama. Nilikuwa nawaogopea waliomo tangini."

Mama akashusha lenzi. Akamwonyesha bintiye kwa kidevu. "Mimi tangini mwangu nilikuwa na huyu mmoja tu. Nilimwogopea hivyohivyo. Ila wewe umengoja wiki kadhaa. Mimi nimekuweka kwenye beseni miaka kumi na moja."

"Mama!" bintiye akasema.

"Niache niseme."

Pampu ililia kidogo kwenye maji. Fundi akauliza, "Na umeona gugu, mama?"

"Ningeliona ningesema. Unanijua." Akanyanyuka kwa kujishika magoti, akachukua tochi ukutani. "Sijaona. Beba zawadi yangu, mwanangu, twende. Mimi nitamulika."

Fundi akalitoa tumbawe majini kwa mikono yote miwili, akamfuata mama mkwe wake sebuleni, maji yakichuruzika sakafuni. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.