Michembe Ndani ya Jagi

Mwaka ule mume wangu alivunjika taya. Alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Mkanda wa mashine ulikatika ikiwa kwenye kasi, ncha yake ikamchapa shavuni. Hospitali walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wakasema asitafune chochote mpaka mfupa uunge.

"Mpe vya kunywa tu, mama," daktari aliniambia, "lakini viwe chakula kamili. Uji mtupu hautamtosha."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Kalangalala, tulikuwa na blenda ndogo ya plastiki, zawadi ya harusi. Ndizi na parachichi iliziweza. Nilipoitia nyama na maharage, ilitoa harufu ya waya unaoungua, ikanyamaza. Mume wangu alikuwa amekaa palepale jikoni, kikombe mkononi, mrija tayari. Alitazama pembeni nisimwone uso. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

Jirani yetu aliuza juisi sokoni. Blenda yake ilikuwa ya biashara, kitako kizito kama tofali, jagi limekwaruzika mpaka huoni vizuri kilichomo. Alianza nayo Buseresere, kabla hajahamia mjini. Nilipomweleza shida yangu, jioni alipofunga biashara aliibeba mwenyewe, akaiweka mezani kwangu.

"Kila jioni nitakuletea, asubuhi nitaipitia," alisema. "Usiogope kuipa vigumu. Kutwa nzima inasaga barafu na tangawizi. Ila usiiwashe bila maji ndani, na umeme ukianza kucheza, izime usubiri."

"Haijawahi kukufia?"

"Visu nimebadilisha, na ule mpira wa chini unaoshika jagi. Mota ni ileile."

Niliiwasha kwa woga. Sahani zilitetemeka kabatini. Muda mfupi tu, nyama, maharage na wali vikawa kitu kimoja, laini kama mtindi. Nilichovya kidole nikitafuta hata chembe moja, sikuipata. Mume wangu alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kitako cha blenda inayounguruma, akainamisha kichwa kama anavyosikiliza mashine zake kazini. Kisha akasema taratibu, meno yamefungwa, "Hii nayo ni karasha."

Wiki iliyofuata mama mkwe alifika kutoka kijijini kwao, upande wa Shinyanga. Alikuja na karanga na mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama vijiti. Alikuwa ameambiwa mwanawe ameumia; kwamba hawezi kutafuna, hakuambiwa. Alipoziona zile waya alikaa chini, mfuko mapajani.

"Basi hii nitairudisha," alisema.

"Hapana, mama. Ngoja tujaribu."

Tulichemsha michembe pamoja na karanga, tukamimina kwenye jagi pamoja na supu yake. Mama mkwe alisimama mbali kidogo. Maisha yake yote alikuwa ametwanga kwa kinu, anajua karanga zinavyochosha mikono.

"Utaivunja mashine ya watu, mkwe."

Niliwasha. Taa ikafifia, nikazima kama nilivyoagizwa, tukasubiri mpaka mwanga ukarudi sawa. Nikawasha tena. Ilinguruma, ikapanda sauti, halafu ikatulia kwenye mlio mmoja. Nilipofungua, mvuke ulitoka na harufu ya karanga ikajaa jikoni. Mama mkwe alisogea akachungulia.

"Imekwenda wapi?"

Nilimpa kijiko. Alionja, akafumba macho, akaonja tena.

"Ni yenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ni michembe yangu yenyewe."

Mume wangu alivuta kwa mrija. Alipofika katikati ya kikombe aliacha kuvuta, nikadhani imemkwama. Kumbe alikuwa analia. "Mayu," alimwita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, akavuta mpaka mwisho, akamsukumia kikombe aongezewe. Tangu aumie hakuwahi kuomba chakula.

Asubuhi jirani alipokuja kuichukua blenda yake, mama mkwe alimshika mikono yote miwili. "Wabeja," alimshukuru, "wabeja sana," kisha akakipangusa kitako cha blenda kwa khanga yake, polepole, pande zote, kabla ya kumkabidhi.

Alikaa nasi mpaka waya zikatolewa. Siku zote hizo yeye ndiye aliyebonyeza swichi, na mimi nikawa wa kuosha jagi. Taya liliunga, limepinda kidogo upande wa kushoto. Siku hizi mume wangu anatafuna hata nyama ya kuchoma, ingawa hula taratibu kuliko zamani. Nami nikipita sokoni nikasikia ule mlio, bado nasimama kidogo kusikiliza.