Saa Niliyoishika Sapiwi

Chuoni tulifundishwa kwamba baadhi ya wanasaikolojia huona akili ni uwezo mmoja unaopimika, na wengine huona ni uwezo wa mtu kuishi vizuri katika mazingira yake. Hiyo ya pili niliitetea kwenye mtihani nikapewa alama za juu.

Baadaye nikapata kibarua cha kupima akili za watoto katika shule moja ya Sapiwi, ili mradi wa elimu ulioniajiri uchague wachache wa kusomeshwa sekondari ya bweni. Mmoja wao alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Kila fumbo lilikuwa na dakika mbili. Alikuwa ameanza vizuri, mara akaingia mzee wa jirani kumtafuta mwalimu. Binti akaweka penseli chini, akapiga magoti, akamwamkia babu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, guku."

Mzee akaulizia nyumbani, ng'ombe, pamba. Binti akajibu yote bila haraka, macho chini. Mimi nilikuwa nimeshika saa, na maelekezo yalikataza kuisimamisha.

"Muda umekwisha," nikasema.

"Sasa dada, ningemwacha babu asimame tu?"

Kwenye fomu nikaandika: umakini hafifu. Hakuchaguliwa.

Sasa ameolewa Migato, analima pamba ya mume. Mwezi uliopita nilimtembelea. Aliponiona aliweka ndoo chini, akapiga magoti kunisalimia, akaulizia nyumbani kwangu, kazi yangu, afya yangu. Hakuacha hata moja.