Milango Kumi na Saba ya Nyumba ya Mama

Nilikwenda Guangzhou kwa ajili ya milango. Viatu ninavyouza Tandika huwa naagiza kwa simu, sina haja ya kupanda ndege. Lakini mdogo wangu Haruni, ambaye ana miaka kumi na minne huko China akiwasafirishia watu mizigo, alinisihi niende mwenyewe. "Dada, njoo na daftari lako," alisema. "Fundi akipima vibaya mlango unafika Dar hauingii, na kuurudisha huwezi. Namwamini nani zaidi yako?"

Nyumba yenyewe imejengwa kwenye kiwanja cha marehemu baba, Mbagala, mbele kabisa ya kibanda chetu cha vyumba viwili. Haruni huiita nyumba ya Mama. Ramani aliitoa mtandaoni, ya nyumba za Kimarekani za zamani, mtindo unaoitwa Craftsman: paa la chini lililotanda mpaka nje ya kuta, veranda pana, nguzo nene chini na nyembamba juu, mbao kila unapogeukia. Watu wakipita husimama kuiangalia. Kibanda chetu kitabomolewa tukihama, pawe mahali pa kuegesha gari.

Na mimi nilikuwa na langu. Nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kuwa na chumba. Utotoni wavulana walilala chumbani, mimi sebuleni kwenye mkeka. Kwa mume nililala chumba cha mume, na alipooa mwingine alikichukua chumba chake. Nikarudi kumuuguza mama, nikatandika godoro sakafuni kando ya kitanda chake, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Sasa juu kwenye nyumba ya Haruni, upande wa mashariki, kipo chumba namba sita, chenye benchi la mbao lililojengewa ukutani chini ya dirisha. Siku ya kupima, Fundi Shomari aliniuliza hiki cha nani. Nikamjibu ni changu, maana Haruni mwenyewe aliniambia siku ya kuchimba msingi, "Dada, nyumba yote hii ni yako." Nikachukua chaki nikaandika ukutani: MWANAIDI.

Asubuhi ya kuondoka mama alinishika mkono. Macho yake yamekwisha kwa mtoto wa jicho na miguu haimbebi tena. Ile nyumba iliyoinuka mbele ya dirisha lake anaijua kwa sauti ya nyundo tu.

"Ukirudi unitembeze nyumba yote kwa mdomo," alisema. "Chumba kwa chumba. Na uniambie nani analala wapi."

Tulibadilisha ndege Addis Ababa, na kesho yake mchana nikawa Guangzhou, joto na unyevu vimenikaba kama niko Dar mwezi wa Machi. Haruni alinipokea kwa bashasha, akanibebea begi. Nyumba yake iko ghorofa ya kumi na moja, ina vyumba viwili. Kimoja analala yeye, cha pili kimejaa mabegi ya mizigo ya wateja mpaka darini. Akanionyesha kochi la sebuleni.

"Utanisamehe dada, hapa ndipo penye hewa."

Nilicheka. Nikamwambia kochi limenizoea kabla sijalikalia. Akacheka na yeye, hakuona kitu.

Siku ya pili asubuhi nilishuka Zhanxi, kule kwenye viatu karibu na stesheni ya treni. Ukisimama katikati ya njia unakanyagwa na mikokoteni, na kila muuzaji anaitwa laoban, yaani bosi, hata kama ni binti anayekula tambi nyuma ya meza. Nilitaka ndala zenye kisigino kifupi, namba kubwa kubwa, kwa sababu wateja wangu wana miguu ya kutembea.

"Laoban, namba arobaini na mbili?" nikamwonyesha kwa vidole.

"Mei you," akasema bila kuinua macho. Hakuna.

Duka la pili, mei you. La tatu, mei you. Neno hilo ndilo la kwanza mtu anajifunza Guangzhou, na unalisikia mpaka linakuingia mwilini. Mwisho nilipata nilichotaka, nikafunga mzigo. Njiani kurudi nikapita duka la mapazia, na hapo sikuuliza bei mara mbili. Nilikuwa na vipimo vya dirisha la chumba namba sita kwenye daftari. Nikachagua kitambaa cha njano iliyoiva, kizito, nikakikatisha pale pale. Nilikikunja nikakiweka chini kabisa ya begi langu, sikumwonyesha Haruni. Nilikuwa naona haya kama mwari.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tulifika kwenye duka la milango nje kidogo ya mji. Mwenye duka ni mama wa makamo, Bi Lin, amefanya biashara na Waswahili miaka mingi na anajua dada, kaka, bei gani na mwisho wako ngapi. Ana utaratibu wake. Hapokei oda ya namba tupu. Kila mlango lazima ubandikwe karatasi yenye jina la mwenye chumba, kwa Kichina kwa ajili ya vijana wake na kwa herufi zetu kwa ajili ya fundi wa Afrika. Alisema aliwahi kutuma milango ya namba, fundi akafunga mlango wa choo sebuleni, na lawama akabeba yeye.

Haruni akatandaza ramani mezani. Kazi yake kutaja jina, kazi yangu kusoma kipimo, Bi Lin anaandika. Tukaanza kuingia nyumbani, kwa kidole juu ya ramani.

Mlango mkubwa wa mbele, kutoka verandani: *Familia*. Ukishaingia, mkono wa kushoto, chumba kidogo cha kuvulia makoti na viatu vya matope.

"Makoti, Mbagala?" nikauliza.

"Ndivyo ramani ilivyo, dada."

Basi makoti yakapata mlango wao. Kisha sebule kubwa yenye boriti za mbao darini, na ukutani jiko la matofali la kuotea moto, kabati za vitabu huku na huku. Nikamwambia tukiuwasha moto ule mwezi wa Januari jirani watatuokota tumeiva. Haruni akamtafsiria Bi Lin, wakacheka wote wawili. Sebule inaungana na chumba cha kulia chakula kwa tao, hapo hakuna mlango. Jikoni. Stoo ya chakula. Ofisi ya Haruni, ambaye huja Dar mara moja kwa mwaka. Chumba cha Mama, mlango mpana kuliko yote, ili kiti cha magurudumu kipite bila kugusa fremu. Alilifikiria hilo mwenyewe, na pale nilimpenda mdogo wangu, nasema kweli.

Nyuma ya jiko, *Msaidizi wa kazi*. Huo ndio mlango pekee aliouagizia komeo bila kitasa cha ufunguo. Nikasoma kipimo, tukapanda ngazi.

Juu, namba nne, yeye na wifi yangu Semeni, aliyeko Dar na watoto, na ndani yake chumba cha kuvalia na bafu, kila kimoja na mlango wake. Namba tano, Iddi, mtoto wake mkubwa.

"Namba sita," Haruni akasema, "Naila."

Naila ana miaka miwili. Bado ananyonya na analala kifuani mwa mama yake, mama akitoka kidogo anaangua kilio mtaa mzima unasikia. Nilishika kalamu nikingoja, kama vile atajisahihisha.

"Soma vipimo, dada."

"Namba sita si changu?"

Aliinua uso. Nilitegemea aone aibu, au akasirike, lakini alishangaa tu, na huko kushangaa ndiko kulikonikata maini.

"Chako? Wewe si unalala na mama?"

"Nalala chini, Haruni."

"Tutakununulia kitanda. Si mama anakuhitaji usiku? Akitaka maji atamwita nani?"

"Na siku mama akiwa hayupo?"

"Astaghafirullah, dada! Mama mzima unamtabiria kifo?" Akashusha sauti, akanigusa bega. "Nyumba yote si yako? Wewe ndiye utakayekuwa na funguo zote. Na ikishindikana kabisa, kile cha nyuma ya jiko ni kizuri tu. Nitakiwekea feni."

Makoti yana chumba. Viatu vya matope vina chumba. Moto ambao hautawashwa hata siku moja umejengewa ukuta mzima. Mimi niliyesimama juani na futi kamba, nikimbishia fundi kila sentimita, nimepewa feni. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi kwa lile pazia lililokuwa chini ya begi.

Bi Lin alikuwa ameacha kuandika. Akanitazama, akamtazama Haruni, akapitisha kalamu yake juu ya orodha ya majina kutoka juu mpaka chini, taratibu.

"Dada," akaniuliza, "mei you?"

"Mei you," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akanisogezea kikombe cha chai.

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Ningeongeza sentimita tano tu kwenye kila mlango, kontena zima lingefika Dar likawa kuni za lile jiko lao la kuotea moto. Wazo hilo lilikuja na likakaa kitako. Lakini nikasoma: upana tisini, urefu mia mbili na kumi. Nikaendelea mpaka mlango wa kumi na saba. Sikudanganya hata kipimo kimoja.

Siku ya tano nilipanda ndege. Njia nzima ya uwanjani Haruni alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, dada hivi, dada vile, bila wewe nyumba hii isingesimama. Nilimwitikia. Nilishika begi langu miguuni nikahesabu mataa ya barabarani.

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa ameogeshwa na Semeni, ameketi kitandani akinisubiri. Hakutaka kusikia habari za ndege. Nikamtembeza: verandani, kwa makoti, sebuleni kwenye moto, mezani, jikoni, chumbani kwake, ngazi, vyumba vya juu. Nilitaja kila mwenye chumba kama tulivyomtajia Bi Lin. Mama alikuwa akihesabu kwa vidole. Nilipomaliza vidole vyake vilibaki hewani.

"Na wewe?"

"Mimi na wewe, mama. Kama hapa."

Alivikunja vidole kimoja kimoja.

"Nipigie Haruni. Weka sauti ya nje."

Nikapiga. Haruni akaanza salamu ndefu, mama akamkatisha.

"Haruni, mlango wangu andika Mwanaidi."

"Mama, hicho chumba ni chako. Wewe utalala wapi?"

"Nitalala kwake. Si umepanga tulale pamoja? Basi mimi ndiye nilale kwake. Likiandikwa langu sihami. Nitafia humu kibandani, na gari lako utaliegesha juu yangu."

Haruni akasema mtandao unasumbua, atazungumza na Bi Lin. Mtandao ukakatika, au aliukata.

Kontena lilifika baada ya miezi miwili. Milango iliingia yote, kila mmoja mahali pake, Fundi Shomari hakuchonga hata ukucha. Jina langu la chaki nililifuta mwenyewe kwa kitambaa kibichi kabla hawajapaka rangi. Mapazia ya njano nimeyatundika kwa Naila, kuyarundika ni hasara, na Semeni alisema shangazi ana jicho la kuchagua. Walioniuliza Guangzhou nimejifunza nini niliwaambia bei za viatu. Nilichojifunza hasa ni kwamba mtu anaweza kukupenda maisha yake yote na asijiulize hata mara moja unalala wapi. Hilo ningeweza kujifunza hapa hapa Mbagala, bila viza.

Siku ya kuhama, Fundi na Iddi walimbeba mama na kiti chake, wakavuka naye uwanja, wakapita veranda, makoti na jiko la moto, wakamsimamisha mbele ya mlango mpana. Karatasi ya Bi Lin ilikuwa bado imebandikwa usawa wa macho. Mstari wa Kichina, na chini yake, kwa herufi kubwa: MAMA.

Nilikuwa nimeiona wiki nzima. Nilimpigia Haruni, akasema alipitiwa, na hiyo ni karatasi tu dada, si unaibandua?

Mama alinyoosha mkono akapapasa ubao mpaka vidole vikagota kwenye karatasi.

"Hapa wameandika nini?"

Fundi Shomari akainamisha kichwa. Iddi akanitazama.

"Wameandika Mwanaidi," nikasema.

Akapitisha kidole juu ya herufi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya," akasema, akashusha mkono mapajani. "Basi nikaribishe, mwenye chumba."

"Karibu, mama," nikasema, nikausukuma mlango.