Sweta Lililombana Restuta

Harufu ya sweta la sufu lililoloa mvua hunirudisha Sumbawanga, kwenye asubuhi moja ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alinivalisha sweta la shule lililombana mdogo wangu Restuta, mwenye miaka tisa. Kwa kawaida mdogo ndiye hurithi nguo za mkubwa. Kwetu mambo yaligeuka, na bado mikono ya sweta ilinifunika vidole.

Bibi alinifariji kwamba nimefuata ukoo wa baba, watu wafupi wenye maneno mengi. Lakini sikio langu la kushoto lilitoa usaha hadi wenzangu wakahama dawati. Mdomoni nilikuwa na utando mweupe, hata uji wa ulezi uliniwasha. Mashavu yalivimba, wakaniita Puto.

Kisha kifua kikanibana, nikabebwa hospitali.

"Mama, huyu ameshapimwa?" muuguzi aliuliza.

Mama akatazama sakafu.

"Mficha uchi hazai, mama yangu," muuguzi akasema taratibu, akanitoa damu ya kupima.

Tulirudi na vidonge. "Ni dawa ya kukua," mama aliniambia. Nilivimeza kwa hamu, na kila Jumamosi nikasimama mgongo kwa mgongo na Restuta. Usaha ulikauka, utando ukaisha, mashavu yakanywea. Niliongezeka kidogo, ila Restuta aliniacha kwa kichwa kizima.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, muuguzi yule aliniambia jina la ugonjwa wangu, virusi vya UKIMWI nilivyozaliwa navyo, mama akiwa pembeni. Njiani nikauliza, "Na Restuta?"

"Hana. Nilipimwa nikiwa na mimba yake, wakanipa dawa za kumkinga." Akasimama. "Waliniambia nikulete na wewe. Sikukuleta."

Sikumsemesha mpaka mahindi yakavunwa.

Siku hizi nina binti. Nimemeza dawa zangu bila kukosa, lakini siku ya kwenda kuchukua majibu yake nilitamani kumfunga mgongoni nikimbie, nisisikie lolote. Yalikuwa mazuri. Nililia pale pale kwenye benchi, nikimwaza mama. Miaka yote ile, kila nilipopona homa, alijihesabia kwamba hilo ndilo jibu, kwamba sina ugonjwa, akapata nguvu ya kunipikia kesho yake. Nilidhani hakunijali. Kumbe aliogopa, na woga wake ulikaa mwilini mwangu.