Redio Mbili Mezani

Nilikuwa raia kati ya wanajeshi, injinia katika karakana ndogo ya utafiti nje kidogo ya Eldoret. Kazi yangu ilikuwa redio ya doria, nyepesi kuliko ile ya zamani. Nilikuwa nimeihangaikia kwa miaka. Ikianguka jaribio la mwisho, mradi wangu unafungwa.

Majaribio yetu yalikuwa mteremko. Wanajeshi walizunguka na kifaa asubuhi, wakapangwa mstari, meja akawauliza kama ni kizuri.

"Iko sawa, afande!"

Nani angemjibu mkubwa vingine? Hata viatu vya majaribio vilivyoachana na soli vilisifiwa hivyo hivyo, tukaandika ripoti nzuri. Mdogo wangu alikuwa katika kikosi hicho cha majaribio. Nyumbani Kiplombe, tukinywa chai, nilimuuliza kuhusu redio yangu. "Iko poa, bro," akasema, nami nikavimba kichwa.

Kisha tukaletewa meja mwingine, mama wa sauti ya chini. Huyu hakuuliza kama kitu ni kizuri. Kwa jaribio la mwisho alipeleka kikosi upande wa Burnt Forest wakati wa mvua, wakalala kwenye matope, kila mtu na redio mbili, yangu na ya zamani. Waliporudi, redio zote zikawekwa mezani.

"Kesho mnaenda mpakani," akasema, na ilikuwa kweli. "Kila mtu achukue moja ya kwenda nayo."

Wa kwanza akachukua ya zamani. Wa pili pia, na wa tatu. Meja akamuuliza mmoja sababu.

"Vidole zikilowa na baridi, hizi button ndogo hazishikiki, afande."

Niliumia, sitaficha. Vitufe hivyo nilivichora mwenyewe, nikiwa mezani, mikono mikavu.

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Aliangalia meza, akaniangalia mimi, akachukua yangu.

Ilitosha redio moja tu ya kuonyesha kwamba mtu ameichagua, na huenda mradi ungepewa muda. Nilienda mezani, nikaitoa mkononi mwake na kumpa ile nzito.

"Lakini yako iko sawa, bro."

"Haiko sawa," nikamwambia mbele ya wote. "Nenda na hiyo."